Msiba wa Chaneli ya Tatu

Nyinyi vijana mnaotengeneza vipindi vyenu kwenye simu na kompyuta, kila mkija kunitembelea hapa Oakdale swali lenu ni lile lile: "Babu, nitajuaje kama kuna mtu ananisikiliza?" Mnaniuliza huku mmekodolea macho namba kwenye skrini, kana kwamba namba zina masikio. Haya, kaeni. Chai ipo, maandazi yapo, na theluji hiyo nje haina safari. Nitawajibu, ila nitazunguka kidogo, maana mzee asemaye kwa kifupi anataka wageni waondoke, na mimi bado sijawachoka.

Nilikuwa fundi mitambo wa redio. Nilianzia kwetu Tanzania enzi za kanda za utepe, tulipokuwa tunakata sauti kwa wembe na kuiunga kwa gundi ya karatasi, na nimestaafia hapa Minnesota, Marekani, kwenye kituo ambacho jina lake sitalitaja kwa sababu bado wananisalimia vizuri. Miaka yangu ya mwisho kazini, hiyo ya elfu mbili na kumi na kwenda mbele, nilipewa kutunza chaneli za pembeni.

Najua hamzijui, kwa hiyo nieleze. Kituo ni kile kile na namba ya FM ni ile ile, lakini pembeni ya sauti kuu tulipachika sauti nyingine za kidijitali, ya pili na ya tatu. Mwenye redio ya kawaida hazisikii. Mwenye redio ya kidijitali anafungua chaneli kuu, anasubiri ikamate, halafu anabonyeza mbele, ya pili inatokea. Anabonyeza tena, ya tatu hiyo hapo. Shida yake ni kwamba redio za namna hiyo hazikuwa majumbani. Zilikuwa kwenye magari mapya, na wenye magari mapya wengi walikuwa hawajui kama wanazo.

Kwa hiyo chaneli ya tatu ilikuwa chumba cha uani. Kila kilichokosa pa kuwekwa kilisukumiwa huko. Ilianza na jazi, ikawa vichekesho, ikawa muziki wa kurukaruka wa vijana, kuna kipindi ikawa nyimbo za kubembelezea watoto wachanga. Makao makuu yalikuwa mbali, jimbo jingine kabisa, na walitubadilishia mtindo kama mtu anavyobadili shati. Asubuhi unafika kazini unakuta barua pepe: kuanzia Jumatatu, chaneli ya tatu ni kitu kingine. Hapo ni mimi na nyaya zangu.

Aliyenifundisha kazi hiyo aliitwa Walt. Mzungu mrefu, mkimya, mababu zake walitoka Norwe, na chupa yake ya kahawa haikumtoka kwapani. Kwa Walt, kuambiwa "si mbaya" ilikuwa ni sifa ya kupigiwa ngoma. Siku ya kwanza aliniona nimetazama taa za kijani kwenye mtambo nikaridhika, akanishika bega akanipeleka kwenye maegesho. Akaniingiza kwenye gari lake, akafungua redio. "John," aliniambia, maana Yohana ilimshinda, "mtambo ukisema uko sawa, huo si ushahidi. Nenda kasikilize anakosikilizia mwenye gari."

Basi hiyo ikawa desturi yangu. Kila mtindo mpya ukiingia, nilizunguka. Nilikwenda mpaka Savage, kule chini mtoni kwenye viwanda, ambako ukingo wa bonde unakinga mawimbi. Na hapa niwape somo ambalo halimo kwenye vitabu vyenu. Redio ya zamani ikizidiwa inakwaruza, inakohoa, lakini nyuma ya mikwaruzo bado unamsikia mtu. Ya kidijitali haikohoi. Ipo, safi kama maji ya kisima. Unapita kilima, haipo. Haikuagi. Kwa hiyo mkitengeneza kitu cha kidijitali, msijidanganye kwamba msikilizaji atawaambia sauti inaanza kufifia. Hatawaambia, kwa sababu haififii.

Sasa niwachekeshe. Mwaka mmoja mwezi wa Julai, joto la kukaanga yai barabarani, nilichomeka waya wa chaneli ya tatu kwenye tundu lisilo lake. Lile tundu lilikuwa limebaki na nyimbo za Krismasi tangu Desemba. Sikujua. Nikaenda zangu kwenye mizunguko, nikafungua redio ya gari njiani kurudi, jasho linanitiririka, kengele za Krismasi zinalia, kwaya inaimba habari za theluji. Niliendesha kama mwizi anayefukuzwa. Kufika, Walt ameketi, miguu juu ya meza. "Umepata simu ngapi?" nikamuuliza nikihema. Akasema hakuna hata moja, na ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kumwona Walt akicheka mpaka anafuta machozi. Alipotulia akaniambia neno ambalo pale kituoni tuliliita Sheria ya Walt: "Ukitaka kujua nani anasikiliza, usiulize. Zima. Simu itakwambia."

Liwekeni akilini hilo neno. Ni la kweli, ila si lote.

Katika hicho chumba cha uani ndimo alimoingia Mama Zawadi. Alikuwa Mkongo kutoka Uvira, mama wa makamo. Kwao alifundisha shule ya msingi na kuongoza kwaya. Hapa alikuwa anasafisha vyumba kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na wenzake kazini walimfupisha jina wakamwita Zi. Alikuja kituoni amesindikizwa na Kemunto, nesi Mkenya waliosali naye kanisa moja, binti mwenye mdomo na moyo mkubwa vilevile. Waliomba saa moja tu ya Kiswahili. Meneja wetu, mama mmoja aliyeitwa Karen, si mtu mbaya hata kidogo, alikuwa na pengo Jumamosi saa kumi jioni kwenye chaneli ya tatu. Akawapa.

Siku ya kwanza Mama Zawadi alikaa mbele ya kipaza sauti kama aliyeitwa mahakamani. Nikamfanyia ishara kupitia kioo: ongea na mimi, usiongee na chuma. Akanitazama, akavuta pumzi, akasema, "Hapa ni Mama Zawadi. Hamjambo ninyi wote mliolala mbali na kwenu." Nywele zilinisimama. Tangu siku hiyo alikuwa anawaambia watu shule ipi imefungwa kwa dhoruba, gari linapashwa joto namna gani lisikugande, kanisa lipi lina mkesha, basi la kitongoji cha Hopkins limebadili kituo. Kisha zinakuja salamu.

Salamu ndizo zilizomtatiza Walt. Aliketi nami akisikiliza majina yanamiminika, akaniuliza wanamsalimia nani, ndugu zao Kongo? Nikamwambia Kongo haifiki, hata Savage yenyewe mtoni haifiki. Bibi Mapendo wa Hopkins, ghorofa ya tatu, alikuwa anamsalimia jirani yake wa ghorofa ya pili. Mara nyingine walikuwa wameketi bega kwa bega kwenye gari moja. "Sasa si amgeukie tu?" Walt akasema. Nikamweleza kwamba kwetu tumekua hivyo. Mtu akitajwa redioni, jina lake kamili na mahali anapoishi, basi huyo mtu yupo. Wiki nzima ameitwa Zi, ameitwa "wewe", ameitwa kwa namba ya foleni. Jumamosi saa kumi Mama Zawadi anamtaja yeye na baba yake na babu yake. Walt akanywa kahawa kidogo, akasema, "Si mbaya."

Na walisikilizaje? Kemunto ndiye aliyekuwa na gari lenye redio ya kidijitali. Jumamosi aliliegesha nyuma ya yale majengo ya zamani ya Hopkins, injini inanguruma kwa ajili ya joto, na wanawake wakajazana ndani kama ndizi kwenye tenga, vitambaa vya kichwa vinagusa paa. Baadaye wengine nao wakaanza kununua magari. Muuza magari mmoja alimlalamikia Kemunto kwamba amechoka: watu wake hawaulizi injini, hawaulizi matairi, wanakaa kwenye kiti, wanapapasa redio na kuuliza, "Hii iko na ya tatu?"

Mambo yalikwenda hivyo mpaka majira fulani ya baridi, mwezi wa Februari. Barua pepe ikaja. Kuanzia Jumatatu chaneli ya tatu itakuwa muziki wa kufanyia mazoezi, unaletwa mzima mzima kutoka makao makuu, saa ishirini na nne, hauna mwanya. Nilipoisoma sikufikiria nyaya. Nilimfikiria Mama Zawadi anarudi kuwa Zi siku saba za juma.

Nikaenda kwa Karen. Nikamwambia, hii saa moja usiiguse.

"John," akanijibu, na aliongea kwa upole, "tangu niwe hapa tumeibadilisha hiyo chaneli hata sikumbuki mara ngapi. Hakuna aliyewahi kupiga simu. Nitawaambia nini makao makuu? Niletee msikilizaji mmoja. Asiwe wewe."

Walt alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Fanyeni jaribio."

Tukakubaliana. Tangu Jumamosi adhuhuri chaneli ya tatu itaondolewa vipindi vyote, na muziki wa kujaza utapiga mpaka Jumatatu. Kama simu zitalia kuulizia Kiswahili, Karen atapigana na makao makuu. Zisipolia, basi. Akaniomba kitu kimoja tu: nisiende kuwachochea watu wapige. Nikampa neno langu, na nililitoa kwa kiburi. Nilijua simu zitapasuka.

Kuhusu Mama Zawadi, Karen alisema atamwambia mwenyewe. Kipindi cha juma lile alikuwa ameshakirekodi Jumatano, kwa sababu Jumamosi alibadilishana zamu na mwenzake. Karen akampigia, hakupatikana, akamwachia ujumbe kwenye simu. Nanyi mnajua watu wetu na ujumbe wa simu. Hakuna anayeusikiliza. Tukiona umepiga, tunakupigia.

Muziki wa kujaza ulitoka makao makuu. Ulikuwa wa vinanda, vile vya kukwangua kwa upinde, vinakwenda polepole, vinapanda, vinashuka, havina mtangazaji wala neno. Nadhani wao waliusikia kama muziki wa kumtamanisha mtu kitu kinachokuja. Nikaupandisha hewani, nikapima ujazo wa sauti, nikaondoka.

Jumamosi hiyo saa kumi jioni tulikuwa watatu mapokezini. Karen alikuja siku yake ya mapumziko ili haki itendeke, namshukuru kwa hilo. Walt alikuja kwa sababu hakuwa na mahali pengine alipopapenda zaidi. Simu iko mezani. Saa kumi ikapiga. Kimya. Walt akamimina kahawa. Robo saa ikapita, nikanyanyua mkono wa simu kuhakikisha ina mlio. Ina mlio. Nusu saa, kimya. Saa kumi na moja kasoro, kimya.

Nitawaambia nilichohisi. Nilikasirika. Niliwakasirikia watu wangu wenyewe. Nikajisemea, tunajua kulalamika vibarazani, lakini kupiga simu moja ofisini kunatushinda. Tunanyang'anywa kitu mkononi tunasema "ndiyo maisha". Nikamwonea Mama Zawadi huruma na nikajionea aibu mbele ya Walt. Karen akanigusa mkono. "Pole, John," alisema. "Kweli nilitaka zilie." Akaanza kuvaa koti lake.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, na mshindo wenyewe ulianzia maegeshoni. Taa za gari zikageuka getini. Nyuma yake nyingine. Nyuma ya hiyo, basi dogo la kanisa. Milango ikaanza kubamizwa.

Wa kwanza mlangoni alikuwa Kemunto, ana sare ya hospitali chini ya koti, macho mekundu. Nikamfungulia. Hakunisalimia kwa maneno, alinikumbatia. Nyuma yake wakaingia wanawake, vitenge vimefungwa juu ya makoti ya baridi, mmoja ana sufuria limeviringishwa taulo, mwingine ana chupa mbili za chai, mwingine ana mikeka. Wakavua viatu vyao vya theluji pembeni ya mlango, wakavipanga. Mikeka ikatandikwa kwenye zulia la mapokezi, mbele kabisa ya meza ya Karen, nao wakaketi chini, miguu wameinyoosha. Bibi Mapendo akashushwa taratibu, mtu huku na mtu kule. Mwingine akaanzisha wimbo kwa sauti ya chini, na wengine wote wakaupokea.

Karen alikuwa amesimama na mkono mmoja ndani ya koti na mmoja nje. "John, hii ni maandamano?"

Nikachuchumaa karibu na Bibi Mapendo. "Bibi, pole. Nani kafa?"

Akanishangaa. "Papa Yohana, ni weye utatuambia. Sisi tumekuja kulia pamoja na ninyi."

"Kwani mmesikia nini?"

Kemunto akadakia. "Mzee, tulikuwa tume-park kama kawaida, gari imejaa. Saa kumi tuka-tune ya tatu. Hakuna Mama Zawadi! Ni hiyo violin tu, inalia, inalia. Tuka-call simu yake haishikwi. Nika-drive mpaka kwake, mlango imefungwa. Nikajua tu."

"Redio iko inalia tangu mchana," akaongeza Bibi Mapendo, "na hata neno moja hakuna. Bon, miye nilikuwa Kongo wakati wa mambo mengi, Papa. Redio ikifanya vile, haupige simu. Unafunga mlango, unaita watoto, unangoja wakuambie ni nani."

Hapo ndipo iliponipiga. Nyinyi mliozaliwa hapa hamwezi kujua. Kwetu redio ikiacha vipindi vyake ghafla ikapiga muziki wa polepole usio na neno, hakuna anayedhani wamebadili mtindo. Mkubwa amefariki, au ikulu imechukuliwa. Kila mtu mzima wa kwetu amewahi kusimama mbele ya redio ya namna hiyo mkono umeshika shavu. Mimi mwenyewe nimesimama. Na bado nilivipandisha vile vinanda hewani kwa mikono yangu hii, nikapima sauti, masikio yangu yako Minnesota.

Kwa hiyo hawakupiga simu, kwa sababu hakuna mtu mwenye adabu anayepigia simu nyumba yenye msiba kuulizia kipindi chake. Msibani unakwenda kwa miguu yako, na hauendi mikono mitupu. Wameulizana msiba uko wapi, mlango wa Mama Zawadi umefungwa, wakasema basi uko kule kunakotoka kilio.

Nikacheka. Nikajaribu kujizuia nikashindwa, nikacheka mpaka nikakaa kwenye mkeka, na katikati ya kicheko nikakuta nalia kweli. Wanawake wakadhani uchungu umenizidi, wakanishika.

"Who died?" Karen aliuliza, akitaka kujua nani kafa.

Nikamwambia, "Chaneli ya tatu."

Nilikuwa bado namweleza wakati mlango ulipofunguliwa tena. Aliingia mwanamke anahema, sare ya usafi imetokeza chini ya koti, mfuko wa sukari umebanwa kifuani. Ametoka zamu, ameiona simu yake imejaa namba za watu, amempigia dada yake, dada naye kasikia nusu nusu tu, kasema kimbia redioni kuna msiba mkubwa. Naye, kwa vile ni mtu wa watu, kapitia dukani akabeba sukari.

"Jamani," akasema Mama Zawadi, machozi yanamtoka, "ni nani alitutoka?"

Nimewahi kusikia mayowe maishani, lakini yale sijayasikia tena. Bibi Mapendo alisahau kwamba hainuki bila kushikwa. Mama Zawadi alikumbatiwa na kupapaswa uso na mabega, huku yeye anauliza tu, "Ni nani? Niambieni ni nani!" Kemunto akapiga magoti akicheka, "Ni wewe, Mama! Ni wewe tulikuwa tunalia!" Mama Zawadi akatazama mikeka, akatazama masufuria, akatazama mfuko wake wa sukari. "Na mimi nilijiletea sukari?" akasema.

Walt, ambaye hakuelewa neno hata moja, alikuwa ameshapewa sahani ya wali na maharage. Alikuwa anakula amesimama, anatikisa kichwa.

Kisha Karen akaniuliza wanaume wako wapi. Nikamwambia msibani kwetu wanaume hukaa nje. Akashtuka, "Nje? Kwenye baridi hii?" Akatoka, nami nikamfuata.

Maegesho yalikuwa yamejaa. Walisimama vikundi vikundi pembeni ya magari yao, kofia zimeshushwa mpaka nyusi, pumzi zinafuka. Kila gari lilikuwa na mlango mmoja uliofunguliwa kidogo ili sauti itoke, kwa sababu walikuwa bado wanangoja tangazo. Karen akapita katikati yao. Gari la kwanza, vile vinanda. La pili, vinanda. Gari la mfanyakazi aliyetoka kiwandani Savage, vinanda. Alitembea mpaka mwisho wa safu na vinanda havikumwacha. Aliyetaka aletewe msikilizaji mmoja alikuwa amezungukwa.

Na wale wanaume, kila alipomkaribia mmoja, alivua glovu, akampa mkono, akainamisha kichwa. "Pole, mama." "Pole sana, mama." Walijua ndiye mkubwa wa pale, kwa hiyo ndiye mfiwa. Yeye ndiye aliyeiua hiyo chaneli, na yeye ndiye aliyepewa pole, mkono kwa mkono, safu nzima. Akaniuliza wanasema nini. Nikamwambia. Alifika kwenye basi la kanisa, akageuka, na nikaona amelia.

"Ondoa huo muziki, John," akasema. "Sasa hivi. Kile kipindi alichorekodi kipo?"

Kipo. Nikakimbia ndani, nikakiweka. Wanawake mapokezini na wanaume nje wakasikia kwa pamoja, "Hapa ni Mama Zawadi," na Mama Zawadi mwenyewe ameketi mkekani na sahani yake mapajani, anajisikiliza, mkono mdomoni. Sherehe iliyofuata siwezi kuieleza. Msiba ule uligeuka arusi bila hata kubadili chakula.

Makao makuu Karen aliwapigia Jumatatu. Sikuwepo kwenye simu hiyo, najua tu kwamba mlango wake ulifungwa kwa muda mrefu na sauti yake ilifika mpaka kwenye chumba changu cha mitambo. Muziki wa mazoezi uliingia kama ulivyopangwa, ila Jumamosi saa kumi ukakatwa. Jumamosi iliyofuata Mama Zawadi alifungua hivi: "Hapa ni Mama Zawadi. Sijakufa." Halafu akasoma salamu, na ya kwanza ilikuwa ya Karen, kwa jina lake kamili na mtaa anaokaa.

Muziki wa mazoezi wenyewe haukudumu. Baada yake chaneli ya tatu imekuwa hiki na kile na kile kingine, mpaka nilipoondoka sikuweza tena kuhesabu. Jumamosi haikuguswa. Baadaye wakamwongezea saa ya pili, kisha wakamhamishia chaneli ya pili, na muuza magari sasa akawa anaulizwa ya pili. Na kila tulipobadili mtindo, Karen alipitisha kichwa chumbani kwangu kuniuliza swali moja tu: "Huko kwenye kujaza, hamna vinanda?"

Kwa hiyo nirudi kwenye swali lenu. Sheria ya Walt ni nzuri, itumieni. Zimeni, msikilize simu. Lakini simu inawaambia habari za watu waliozoea kupiga simu. Wengine mtawajua kwa njia yao wenyewe, kama mtakuwa na subira ya kutokuvaa koti mapema. Kwanza mjue ni watu gani na wanafanya nini wakiumia.

Siku yangu ya kustaafu waliniandalia keki pale pale mapokezini. Walt alikuwa ameshastaafu, akaja na chupa yake. Nilikuwa nimesimama na kisahani cha karatasi mkononi, nikaona taa za gari zinageuka getini. Nyuma yake nyingine. Masufuria, chupa za chai, mikeka. Mama Zawadi mbele, Kemunto nyuma yake amemshika mkono Bibi Mapendo. Wakavua viatu, wakavipanga, wakaketi chini kwa mazoea. Karen alizunguka meza yake, akavua viatu vyake vya kisigino akaviweka mwisho wa ule mstari, akakaa mkekani, akanyoosha miguu. Akaniinulia macho, akatoa Kiswahili chote alichojaliwa maishani mwake:

"Nani kafa?"

Nikamwambia, "Bado hajafa mtu, mama. Sogea na mimi nikae."